Chozi Namba Kumi na Saba

Mnaandika historia? Andikeni hivi:
ilianza na mlango mmoja wa bati
uani kwa Jivraj Makwana, Gerezani,
mwaka ule mafuta yalipopanda na sukari ikajificha.
Zuberi Mlanzi alikuja na mchoro
nyuma ya mfuko wa saruji,
gari dogo, pua ndefu iliyopinda kidogo.
"Kama chozi," akasema Makwana. Yule ndege
wa kufyonza maua. Jina likabaki.
Maana ya pili ya neno hilo hatukuisikia.
Tulikuwa vijana.

Tulikuwa kumi na wanne, Barabara ya Pugu,
godauni lililonuka korosho za mpangaji aliyetangulia.
Mwantumu Kibwana alishona viti
kwa cherehani ya magunia.
Ngwandumi alichomelea bila miwani,
usiku akalala na vipande vya viazi machoni.
Kazi yangu nyundo na mihuri ya chuma:
kugonga namba kwenye chesisi.
Kazi ya mtu asiyetetemeka, alisema Mlanzi.
Sikumwambia.

La kwanza halikuwa na rivasi.
Giaboksi tuliichonga wenyewe, nafasi ikatuishia.
Siku ya uzinduzi mgeni rasmi aliliendesha vizuri
mpaka ukutani. Akaingiza pua, akatulia,
akapapasa gia ya kurudi
kama mtu anayetafuta ufunguo gizani.
Tukalisukuma sote na suti zetu za kuazima,
Mlanzi kipaza sauti mkononi:
"Ndugu zangu, gari la kwetu halijui kurudi nyuma!"
Makofi yakalegeza mbao za jukwaa.
Usiku ule hakuna aliyelala. Tulichonga rivasi.

La pili. La saba. La kumi na moja, lenye redio.
La kumi na saba, mhuri ukaniteleza,
saba ikapinda mguu kama aliyeumia mpirani.
Mlanzi akaitazama, akanitazama,
akasema: liende.
Likaenda. Alilinunua nesi wa Temeke
kwa mkopo wa chama,
akarudi kesho yake kuuliza
kwa nini linaimba likipita Keko.
Ilikuwa beringi. Hatukumwambia mara moja,
alivyofurahi.

Kisha vita, chuma kikaenda mpakani.
Kisha rangi ikaadimika: manne tuliyapaka
kijivu cha meli tulichopewa bandarini,
na mteja wa Ilala akalalamika
kwamba kila mvua watoto wake wanauliza
kama litaelea.
Kisha mikanda, kisha umeme, kisha mishahara.
Makwana aliondoka bila kuaga,
akaniachia kalipa yake imeviringishwa gazetini.

Arobaini na moja. Msiandike zaidi.
Wapo wanaosema mia mbili; hao hawakushika nyundo.
La arobaini na mbili lilikuwa chesisi tupu.
Nilikwisha gonga nne,
mbili iko mkononi, nyundo iko juu,
akaingia mtu na kufuli na barua.
Naye alikuwa na mhuri wake.
Asubuhi gazeti likaandika: CHOZI LAKAUKA.
Hapo ndipo tulipolisikia jina letu.

Jumamosi iliyopita nilikuwa Tegeta
kwa muuza vyuma chakavu, natafuta bomba la sinki.
Kati ya friji na maungo ya magari ya Kijapani
kuku alikuwa ametagia ndani ya kitu
chenye pua ndefu, iliyopinda kidogo.
Nikapiga magoti, magoti yakalia.
Nikafuta kutu kwa kandambili:
moja.
Kisha saba, na mguu wake mbovu.

"Mzee, unanunua au unaangalia?"
Nikamuuliza kilo ngapi.
"Mia na sitini, tukitoa udongo."
Nilikuwa bado nimeshika ile saba,
imeshika joto la mchana kutwa.
Usitoe, nikamwambia.
Pima na udongo wake.